Magari madogo kuliko yote duniani: lipi linafaa kununuliwa kwa kazi ya kila siku?

Kabla ya kuvutiwa na picha, chukua futi ya kupimia. Pima mahali gari litakapolala, urefu na upana, na usisahau nafasi ya kufungulia milango. Pima lango utakalopitia. Kisha ingia kwenye gari lolote, sogeza kiti cha dereva ukae unavyopenda kuendesha, na umwombe mtu mrefu kuliko wote katika familia akae nyuma yako. Tazama magoti yake. Mambo hayo matatu yatakuongoza vizuri kuliko takwimu yoyote iliyoandikwa kwenye tangazo la mauzo.

Magari madogo sana hununuliwa kwa macho. Yanapendeza, watu huyageukia barabarani, na mnunuzi hujikuta ameshalipa kabla hajajiuliza mizigo itakaa wapi. Ukweli ni kwamba kufupisha gari ni kazi rahisi. Ondoa viti vya nyuma, ondoa buti, tayari umepunguza mita nzima. Kazi ya kweli ya uhandisi inaanza pale watu wanne, mizigo yao, injini na kinga ya ajali vinapotakiwa kuingia vyote ndani ya mita 3 na kitu. Wachache wameiweza. Orodha hii nimeipanga kwa kipimo hicho: gari linapanda kwa kazi linayoifanya, na linashuka kwa kila siku linayomlazimisha mwenyewe kuazima gari la mtu mwingine.

Kwanza, jua unanunua nini kisheria

Si kila chombo chenye magurudumu manne na usukani ni gari mbele ya sheria. Ulaya ina kundi linaloitwa kwadrisaikeli, vyombo vyepesi vya magurudumu manne vinavyowekwa katika familia moja na pikipiki. Daraja la chini, L6e, lina kikomo cha kasi cha kilomita 45 kwa saa na uzito usiozidi kilo 425 bila betri. Daraja la juu, L7e, linaruhusu kilo 450 kwa vyombo vya abiria, tena bila kuhesabu betri, na nguvu isiyozidi kilowati 15. Citroën Ami iko L6e. Microlino na Renault Twizy yenye kasi ziko L7e.

Jambo hili lina uzito kuliko rangi, bei na muundo. Kwadrisaikeli hazilazimiki kupita majaribio ya kugongana ambayo gari kamili hupitishwa, wala kuwa na mifuko ya hewa. Euro NCAP, taasisi inayopima usalama wa magari Ulaya, ilizijaribu kadhaa mwaka 2014 na nyingine mwaka 2016, na mara zote mbili ikaonya kwamba kinga yake kwa waliomo ndani ni ndogo mno. Kama njia yako ya kila siku inapita kwenye barabara kuu yenye malori, soma nafasi ya kwanza hadi ya nne tu, uache zilizobaki.

1. Gari la kei lenye paa refu

Najua wapo watakaosema mita 3.4 si gari dogo kuliko yote duniani. Ni kweli. Lakini kwa kila sentimita linayochukua barabarani, hakuna gari linalorudisha matumizi mengi kama hili, ndiyo maana liko juu.

Kei ni daraja la magari la Japani lenye mipaka iliyoandikwa kwenye sheria. Lilianza mwaka 1949, na ukubwa wa injini ukapandishwa kidogo kidogo: sentimita za ujazo 360 mwaka 1955, 550 mwaka 1976, na 660 mwaka 1990. Tangu mwaka 1998 mipaka ya bodi ni urefu wa mita 3.40, upana wa mita 1.48 na kimo cha mita 2. Watengenezaji nao wanashikilia kikomo cha nguvu za farasi 64. Ndani ya kizimba hicho kampuni za Suzuki, Daihatsu, Honda, Nissan na Mitsubishi zimeshindana kwa miongo, kila moja ikitafuta sentimita ambayo mwenzake ameiacha.

Mwaka 1993 Suzuki ilitoa Wagon R na kuonyesha njia: ukikatazwa kupanuka na kurefuka, panda juu. Abiria akikaa wima, miguu yake inashuka chini badala ya kunyooka mbele, na gari fupi linapata nafasi ya magoti. Honda N-Box, iliyoanza kuuzwa mwaka 2011, ililikamilisha wazo hilo. Tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo sakafu ya nyuma imeshuka chini sana. Kalio la kiti cha nyuma linanyanyuka na kuegemea mgongo wake, na hapo unaweza kusimamisha kitu kirefu wima, mche wa mti kwenye ndoo kwa mfano, nyuma ya dereva. Milango ya nyuma inateleza, hivyo unaweza kumshusha mtoto palipobana bila kugonga gari la jirani. Daihatsu Tanto ilikwenda mbali zaidi: kuanzia toleo la mwaka 2007, upande mmoja hauna nguzo ya katikati. Mlango wa mbele na wa nyuma ukifunguliwa pamoja, upande wote uko wazi. Kwa mzee anayetembea kwa shida au mtu wa kiti cha magurudumu, hilo ni jambo kubwa sana, na sijaliona kwenye magari ya bei mara tatu yake.

Udhaifu upo. Gari jembamba lenye paa refu husukumwa na upepo wa ubavuni. Injini ya 660 isiyo na turbo, ikiwa na watu wanne kwenye mlima, hupiga kelele na kutaka subira, na ukiikamia kila siku mafuta utakayotumia yatakaribia ya gari la lita moja. Kama safari zako ni za miji miwili mbalimbali, tafuta yenye turbo. Kumbuka pia kwamba magari haya yametengenezwa kwa soko la Japani, kwa hiyo usukani uko kulia, na redio za mengi kati yake hukamata FM inayoanzia megahezi 76 na kuishia 90 au 95, kwa hiyo stesheni nyingi za nchi nyingine hutazipata. Ulizia sheria za nchi yako kuhusu upande wa usukani kabla ya kulipa chochote.

Anayetaka la umeme katika daraja hili ana Nissan Sakura ya mwaka 2022, yenye betri ya kilowati-saa 20 na safari ya kilomita 180 kwa kipimo cha Japani. Kwa mtu wa mjini mwenye mahali pa kuchaji nyumbani, inatosha.

2. Toyota iQ

Hili ndilo gari ninaloliheshimu kuliko yote kwenye orodha, na lingekuwa la kwanza kama lingekuwa na buti.

iQ ilitoka mwaka 2008 ikiwa na urefu wa mita 2.985 na viti vinne. Kaa na namba hiyo kidogo. Ni fupi kwa sentimita 40 kuliko gari la kei, na bado inabeba watu wazima watatu na mtoto mmoja. Toyota haikufika hapo kwa kukata. Difarensho, ambayo kwa kawaida hukaa nyuma ya injini, ilisogezwa mbele, magurudumu ya mbele yakaweza kwenda hadi karibu na pembe za gari. Mtambo wa usukani ulipandishwa juu. Kifaa cha kiyoyozi kilipunguzwa ili dashibodi ya upande wa abiria iingie ndani, na abiria wa mbele asogee mbele kuliko dereva. Kwa kusogea huko, mtu mzima anapata nafasi nyuma yake. Tangi la mafuta lilifanywa bapa, lita 32, likawekwa chini ya sakafu. Shokapu za nyuma zililazwa. Migongo ya viti ikapunguzwa unene. Kila kimoja ni kitu kidogo, na vyote pamoja ndivyo vilivyozaa kiti cha nne. Waandishi wa magari wa Japani waliliona: lilishinda tuzo ya Gari la Mwaka la Japani la 2008–2009.

Usalama nao haukupunguzwa. Lina mifuko ya hewa 9, ukiwemo wa kioo cha nyuma ambao ulikuwa wa kwanza duniani, kwa sababu kichwa cha abiria wa nyuma kiko karibu mno na mlango wa nyuma. Euro NCAP iliipa iQ nyota 5 mwaka 2009. Nusu kipenyo cha kugeuka ni mita 3.9, maana yake unageuza gari kwenye barabara ambapo wengine hurudi nyuma mara mbili.

Buti, viti vya nyuma vikiwa wima, ni lita 32. Begi moja la mgongoni. Ukilaza viti unapata zaidi ya lita 230, na hivyo ndivyo wenye iQ wengi huishi nalo: watu wawili na mizigo, au watatu bila mizigo, kwa nadra wanne. Ukilipokea kwa masharti hayo halitakuangusha. Injini ya lita 1.0 ya silinda 3, 1KR-FE, imetumika kwenye Aygo, Passo, Vitz na Yaris, kwa hiyo spea na mafundi wanaoijua si shida. Ile ya lita 1.3 ni nzuri zaidi kwa barabara ndefu.

Uzalishaji ulikoma katikati ya miaka ya 2010, hivyo utakalopata limetumika. Aston Martin iliuza Cygnet, gari hilo hilo lililovalishwa ngozi na nembo, kati ya 2011 na 2013. Kwa mwenye kutafuta matumizi, haliongezi kitu.

3. Wuling Hongguang Mini EV

Lilianza kuuzwa China mwezi Julai 2020 kwa yuan 28,800, na baada ya muda mfupi likawa gari la umeme linalouzwa kuliko yote nchini humo. Sababu inaeleweka ukiingia ndani. Urefu ni mita 2.92, upana mita 1.49, na kimo mita 1.62, ni kisanduku chenye magurudumu kwenye pembe, viti vinne, na viti vya nyuma vikilazwa kuna lita 741 za mzigo. Waliolibuni hawakujifanya wanatengeneza gari la michezo. Mota ni ya kilowati 20, mwisho wa kasi ni kilomita 100 kwa saa, na betri za mwanzo zilikuwa za kilowati-saa 9.3 na 13.9, kwa safari ya kilomita 120 au 170 za kwenye karatasi. Kwenye karatasi, nasisitiza. Punguza robo kwa barabara halisi, na punguza zaidi ukitumia kipasha joto kwenye baridi kali.

Tahadhari tatu zinalizuia kupanda. Toleo la awali la bei ya chini halikuwa na mfuko wa hewa hata wa dereva. Matoleo ya mwanzo pia hayakubali chaji ya haraka, ni ya kulala kwenye soketi saa 6 hadi 9. Na magari yaliyotengenezwa kwa soko la China hutumia plagi ya kuchajia ya kiwango cha China, isiyoingia kwenye vituo vya Ulaya au Marekani; ukinunua lililoingizwa, hakikisha adapta au chaja ya nyumbani imo kwenye bei. Matoleo ya baadaye yamerekebisha mengi, yana betri kubwa, chaji ya haraka na mifuko ya hewa. Usinunue jina. Nunua mwaka na toleo.

4. Smart Fortwo

Wazo la Smart lilianzia kwa Nicolas Hayek wa saa za Swatch, likatekelezwa na Mercedes-Benz, na gari la kwanza likatoka mwaka 1998 likiwa na urefu wa mita 2.5. Urefu huo uliwezesha kuegesha kwa kuelekeza pua ukingoni mwa barabara, katikati ya magari yaliyolala ubavu. Kizazi cha pili cha 2007 na cha tatu cha 2014 vilirefuka hadi mita 2.69, na cha tatu kikapanuka hadi mita 1.66.

Kwa kazi yake, ambayo ni watu wawili mjini, linafanya vizuri mno. Kizimba cha chuma kinachozunguka abiria, ambacho huachwa kionekane kwa rangi tofauti na bodi, kinabeba nguvu za mgongano kwa namna ambayo kwadrisaikeli haziwezi kuifikia. Euro NCAP ilikipa kizazi cha tatu nyota 4. Kipenyo cha kugeuka ni mita 6.95, kifupi kuliko cha iQ. Buti lina lita 260, mara nane ya lile la iQ lenye viti wima.

Lakini viti ni viwili, basi. Mtoto atakaa mbele, na kama kiti chake kinatazama nyuma ni lazima mfuko wa hewa wa abiria uzimwe. Wazazi wenye watoto wawili wasipoteze muda hapa.

Ukilitafuta lililotumika, kizazi kina maana kuliko kilomita. Injini ndogo za turbo za kizazi cha kwanza zinajulikana kwa kula oili na kuunguza vali za ekzosti. Lililofika umri huo bila rekodi za matengenezo, liache. Giaboksi ya kizazi cha kwanza na cha pili, ya kujiendesha yenyewe kwa klachi moja, husita kila inapobadilisha gia, na wapo wasioizoea kamwe. Kizazi cha tatu, chenye gia za mkono au otomatiki ya klachi mbili, ndicho cha kununua. Toleo la umeme lina betri ya kilowati-saa 17.6, ndogo kwa gari la uzito ule. Na tairi za mbele na za nyuma si saizi moja, hivyo hata ukibeba spea moja haitafaa pande zote. Uzalishaji ulimalizika mwaka 2024.

5. Microlino

Kampuni ya Uswisi ya Micro, iliyojulikana kwa skuta za kusukuma kwa mguu, iliamua kurudisha umbo la BMW Isetta, gari la miaka ya 1950 ambalo mlango wake ni uso mzima wa mbele. Isetta ilizidi magari 160,000, kwa hiyo wazo halikuwa la mchezo. Microlino inatengenezwa Turin, ina urefu wa mita 2.52, watu wawili kwenye kiti kimoja kipana, kasi ya kilomita 90 kwa saa, na betri kubwa kuliko zote inaahidi hadi kilomita 230. Buti ni la lita 230. Miongoni mwa kwadrisaikeli hii ndiyo iliyojengwa vizuri zaidi, bodi ikiwa ya chuma na alumini mahali ambapo wenzake wana plastiki.

Mlango wa mbele una adabu zake. Usiegeshe pua ikiwa imebana ukuta, hutatoka. Egesha kwa kuingia kinyumenyume, au pua ikitazama njia ya miguu, na hapo mlango huo unageuka kuwa raha: unashuka moja kwa moja kwenye njia ya miguu. Haina mfuko wa hewa, na bei yake inakaribia ya gari kamili la watu wanne. Hapo ndipo inaponishinda kuipandisha.

6. Citroën Ami

Mita 2.41, betri ya kilowati-saa 5.5, kilomita 75, kasi ya mwisho 45, chaji ya saa 3 kwenye soketi ya kawaida ya ukutani. Nchini Ufaransa, hata kijana wa miaka 14 anaruhusiwa kuiendesha. Kama hitaji lako ni hilo, kumfikisha kijana shule na mazoezini bila kumpandisha pikipiki kwenye mvua, Ami ni jibu zuri na inapaswa kuwa ya kwanza kwenye orodha yako wewe.

Ninachokipenda ni uaminifu wa muundo wake. Mlango wa kushoto na wa kulia ni kipande kimoja, ndiyo maana mmoja hufunguka kuelekea mbele na mwingine kuelekea nyuma. Bampa la mbele na la nyuma ni lile lile. Plastiki ina rangi yake ndani kwa ndani, mkwaruzo hauhitaji kupigwa rangi. Inatengenezwa Kenitra, Morocco, na Opel na Fiat wana ndugu zake: Rocks-e na Topolino.

Hakuna buti, mzigo unakaa miguuni pa abiria, ambapo begi la kuingia nalo kwenye ndege linatosha. Hakuna kiyoyozi, na paa la kioo huleta jua ndani. Vioo vya madirisha hukunjwa nusu kwa mkono. Kwa mtu mzima mwenye safari za kuvuka mji mkubwa, kilomita 45 kwa saa inachosha na, kwenye barabara pana, inatisha.

7. Renault Twizy

Ilitengenezwa kuanzia 2012 hadi 2023, kwanza Valladolid, Hispania. Urefu mita 2.34, upana mita 1.24, mmoja nyuma ya mwingine kama kwenye pikipiki. Dereva ana mfuko wa hewa na mkanda wa pointi nne, jambo ambalo Ami na Microlino hazina. Kuendesha ni furaha tupu.

Kisha mvua inanyesha. Milango ilikuwa ya kulipia zaidi, na haina vioo. Waliotaka kujikinga walinunua maturubai ya zipu. Haifungiki kwa ufunguo, hivyo huwezi kuacha kitu ndani isipokuwa kwenye kisanduku cha lita 31 nyuma ya kiti. Kwa hali ya hewa kavu na maegesho yaliyofungwa inakubalika. Nyingi ziliuzwa betri ikiwa ya kukodi. Muuzaji akikuonyesha Twizy rahisi kupita kiasi, uliza betri ni ya nani na mkataba umekwisha au bado.

8. Peel P50

Huyu ndiye bingwa wa vipimo. Peel Engineering ya Isle of Man iliitengeneza kati ya 1962 na 1965: urefu mita 1.37, upana sentimita 99, uzito kilo 59, magurudumu matatu, mlango mmoja, taa moja, waipa moja. Injini ya DKW ya sentimita za ujazo 49 inaisukuma hadi kilomita 61 kwa saa. Guinness iliitambua mwaka 2010 kuwa gari dogo kuliko yote lililowahi kuzalishwa kwa ajili ya kuuzwa. Haina gia ya rivasi; unashuka, unashika mpini ulioko nyuma, na kuivuta.

Ilipotoka iliuzwa pauni 199. Mwaka 2016 moja iliuzwa kwenye mnada wa RM Sotheby's kwa dola 176,000. Zilizotengenezwa ni kama 50 tu, na baadhi zimepotea. Kwa hiyo nafasi ya mwisho hapa ni ya matumizi peke yake: ni kazi ya sanaa iliyostahili kila senti kwa mkusanyaji. Zipo zilizoundwa upya Uingereza katika miaka ya karibuni, za petroli na za umeme, kwa anayetaka furaha hiyo bila bei ya mnada. Mtu mmoja, mkoba mmoja, barabara tulivu.

Lililoachwa nje

Tata Nano inaulizwa sana. Urefu wake ni mita 3.1, watu wanne, injini ya nyuma ya 624, na lengo la kuhamisha familia kutoka pikipiki kwenda gari lilikuwa jema kabisa. Lakini mwaka 2014 Global NCAP, taasisi nyingine ya kupima usalama wa magari, iliijaribu na kuipa sifuri kwa usalama wa watu wazima, na uzalishaji ulikoma mwaka 2018. Siwezi kuipendekeza kwa familia. Fiat 500 ya mwaka 1957 na Mini ya mwaka 1959 ni kazi za akili kubwa, na Mini ya Alec Issigonis, kwa kulaza injini kwa kukingama mbele, ndiyo iliyofundisha dunia nzima kubana nafasi; ila leo ni magari ya kutunzwa.

Siku ya kulikagua

Injini ndogo huzunguka kwa kasi muda wote, kwa hiyo oili ndiyo uhai wake. Uliza rekodi za kubadilisha oili kabla ya kuuliza kilomita. Chomoa kijiti cha oili: nyeusi nzito kama lami kwenye injini ya turbo ni sababu ya kuondoka. Kwenye kei zenye giaboksi ya CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, ondoka taratibu kutoka kusimama na sikiliza. Mtetemo au mngurumo unaopanda huku gari halisogei ni gharama inayokusubiri. Lala chini utazame chesi, kwa sababu magari yaliyotumika sehemu za theluji hulishwa chumvi ya barabarani na kuoza kutokea chini, huku juu yakiwa yanang'aa.

Kwa la umeme, usikubali namba inayoonyeshwa kwenye kioo. Omba lichajiwe hadi asilimia 100, liendeshe kilomita 20 unazozijua, kisha tazama limetumia asilimia ngapi na ujipigie hesabu mwenyewe. Angalia plagi ya kuchajia kwa macho yako.

Jaribio la mwisho linahitaji familia. Pakia kila mtu atakayelitumia, na mzigo wa kawaida wa wiki, washa kiyoyozi, na upande mlima mkali kuliko yote ulioko njiani kwako. Simama katikati ya mlima, kisha ondoka tena. Fanya hivyo pia usiku, ujue taa zinamulika umbali gani. Muuzaji akikukatalia jaribio hilo anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Mrudishie ufunguo wake.